Jina la Kwenye Daftari

Sifa njema zote namrudishia Mwenyezi Mungu, aliyemfundisha baba yetu Adam majina ya vitu vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu, ambaye hakuona taabu kuwatangulia watoto wadogo kwa salamu. Nimeishi, nimefundisha, nimestaafu, na bado naamka alfajiri kwa miguu yangu mwenyewe. Kwa hayo nashukuru. Kwa haya nitakayoyaeleza namwomba msamaha, na sijaacha kumwomba tangu yalipotokea.

Nawaandikia nyinyi walimu vijana mnaopangiwa darasa la awali mkakunja uso, mkidhani mmeonewa. Mimi nilifundisha darasa hilo huku Kibiti, upande wa bondeni, miaka mingi. Kabla ya hapo nilikuwa nasomesha madrasa, ndiyo maana hata baada ya kupata cheti cha ualimu watu waliendelea kuniita Maalim. Wanaume wenzangu walinicheka. Fundi baiskeli mmoja pale Bungu kila nikipita alikuwa akipaza sauti: "Maalim, leo umefuta makamasi mangapi?" Nami namjibu: "Kumi na nane, na ya kwako bado."

Nilipoanza, cheti cha kuzaliwa kilikuwa kitu cha nadra huku. Umri tulikuwa tunaupima kwa mkono. Mtoto anapitisha mkono wa kulia juu ya utosi, na vidole vikigusa sikio la kushoto, huyo tayari kwa darasa la kwanza. Nimeshuhudia mama anamkunja mwanawe shingo mbele yangu huku anasema, "Si unaona, Maalim, si kinafika hicho!" Mtoto mmoja alipoona mkono wake haulifikii sikio lake, akashika la mwenzake aliyesimama pembeni. "Nimefika," akaniambia. Nikamwandikisha. Mtoto mwenye akili ya namna hiyo unamrudishaje nyumbani?

Sasa mna vyeti, mna picha za rangi za kubandika ukutani, mna vitabu vyenye herufi kubwa. Sisi tulikuwa na mchanga na vizibo vya soda. Sivisifii vya zamani, maana mchanga huingia machoni. Ninachotaka mkijue ni kwamba kazi yenyewe haikubadilika. Mtoto wa miaka mitano anatoka mikononi mwa mama yake na kuingia mikononi mwako. Akilia siku ya kwanza, usimwambie mama atoroke kwa nyuma. Mtoto atakayegeuka asimwone mama yake ataamini kwamba shule inameza akina mama, na kesho utamwokota chini ya kitanda chao. Mama aage kwa sauti, na aseme atarudi lini kwa kipimo anachokijua mtoto: "Ukishakunywa uji, ukishacheza, utaniona." Na choo, jamani. Mtoto wa bondeni hajazoea kile choo cha shimo chenye sakafu ya saruji. Anadhani atatumbukia. Ukimwona amekaa anatikisa miguu hataki kucheza, usimuulize maswali mbele ya wenzake. Mshike mkono mwende, umsubiri mlangoni, uzungumze naye kwa sauti ili ajue bado upo.

Hayo mengi nilifundishwa na Bi Mwanaidi, mwanamke mfupi aliyefundisha awali kabla yangu. Alikuwa mkali kwa wakubwa na laini kwa wadogo. Siku aliponikabidhi darasa alinishika mkono wa kanzu akaniambia:

"Maalim, wiki ya kwanza usifungue daftari la mahudhurio. Simama mlangoni, sikiliza mama anavyomwita mwanawe anapomuaga. Anza na jina hilohilo. La daftari litakuja lenyewe, polepole."

Nikamjibu kwa elimu yangu: "Bi Mwanaidi, dini imetutaka tuwape watoto majina mazuri na tuwaite kwa majina hayo. Hizi Kibibi, Bonge, Chogo, si majina. Ni kelele."

Aliniangalia kidogo. "Haya, Maalim," akasema. "Wewe una elimu. Mimi nina watoto."

Nilicheka. Nilidhani ametania.

Miaka ikapita. Nikahamishiwa kituo shikizi, yaani shule ndogo ya vyumba viwili iliyojengwa ukingoni mwa mashamba ya mpunga, ili watoto wadogo wasitembee mwendo mrefu hadi shule mama. Nilikuwa peke yangu pale, na mama mmoja wa kupika uji. Mwaka mmoja, siku ya kuandikisha, wakapanga foleni akina mama na watoto wao, na zamu ikamfikia mama kijana aitwaye Hadija. Alikuwa amemshika mkono binti mdogo mwenye macho makubwa, kanga ya mama yake ameitia mdomoni.

"Jina la mtoto?"

Hadija akatazama chini. "Limo kwenye kadi."

Kadi ya kliniki ilikuwa imelowa mtumbwini. Wino umetapakaa, limebaki doa la buluu.

"Kadi haisomeki, mama. Nitajie."

Akanyamaza. Nyuma yake wenzake wakaanza kucheka. Mmoja akasema, "Maalim naye! Mwonee huruma mwenzio, huyo mtoto ni mavyaa wake!"

Wageni wa huku hawatanielewa, kwa hiyo nieleze. Mavyaa ni mama mkwe. Kwetu mwanamke hatamki jina la mavyaa wake, hata akiwa kaburini. Ni heshima. Sasa mtoto akizaliwa akapewa jina la bibi yake mzaa baba, mama yake atamwitaje? Hadija alimwita mwanawe "Mavyaa." Athumani, mumewe, alimwita "Mama," maana ni jina la mama yake mzazi. Majirani na watoto wenzake walimwita Kibibi. Mtoto ana majina matatu, na la kwenye kadi halimo.

Desturi hiyo niliijua. Mama yangu mwenyewe aliishi na kufa bila kulitamka jina la bibi yangu. Lakini nilikuwa nimekaa nyuma ya meza, kalamu mkononi, na elimu yangu.

"Mama, jambo hili halimo katika dini. Jina ni la mtoto. Litaje."

"Siwezi, Maalim."

"Huwezi au hutaki?"

"Mdomo hauendi."

Mwishowe wifi yake aliyekuwa nyuma kwenye foleni akainama akanong'ona: "Mwanahamisi. Mwanahamisi Athumani." Nikaliandika kwa mwandiko mzuri. Kisha nikamwinamia mtoto.

"Wewe unaitwa nani?"

"Kibibi."

"Hapana. Unaitwa Mwanahamisi."

Akageuka nyuma kumtafuta huyo anayeitwa. Foleni nzima ikacheka, na mimi nikacheka. Hadija hakucheka.

Darasani niliweka sheria mbili. Ya kwanza, hakuna majina ya utani. Ya pili, asiyeitikia jina lake hayupo. Kila asubuhi nilifungua daftari nikaita, na mtoto akajibu, "Nipo, Maalim." Nikifika kwa Mwanahamisi Athumani, kimya. Watoto wakimsukuma: "Kibibi, ni wewe! Kibibi, itika!" Nikawasimamisha ukutani waliosema Kibibi, mmoja baada ya mwingine, mpaka wakajifunza kunyamaza. Kisha nikasema kwa sauti, ili naye ajifunze: "Mwanahamisi hayupo." Nikapiga alama ya hayupo. Na yeye amekaa mbele yangu kwenye mkeka, ananitazama.

Msidhani alikuwa mzito. Alihesabu vizibo hadi ishirini kabla ya wenzake wote. Alichora mamba mchangani, akamfuta miguu, akasema sasa hawezi kutoka majini. Nikimwambia, "Sema Mwanahamisi," anasema "Mwanahamisi" vizuri kabisa, kama anavyosema kikombe au mlango. Nilikuwa na subira, nilijisifu kwa subira yangu. Niliona ni ukaidi, na ukaidi huisha. Januari, Februari, Machi, kila asubuhi nilikitangazia chumba kile kwamba Mwanahamisi hayupo. Sikuwahi kujiuliza mtoto wa miaka mitano anaelewa nini katika maneno hayo.

Masika ya mwaka huo mto ulijaa. Kwa siku kadhaa tulikuwa tunauona ukipanda, na wazee wakasema hautafika kituoni, maana haujawahi kufika. Asubuhi hiyo Hadija alimleta mwanawe kama kawaida. "Shikamoo, Maalim." "Marahaba, mama. Mwaenda wapi na maji haya?" "Naenda kuokoa mpunga kidogo, nitarudi mapema." Akamwinamia binti yake, akamfunga vizuri kitambaa cha kichwa, akaondoka. Hayo nayakumbuka kama nayaona. Nilipokea salamu yake kwa mdomo wangu.

Wakati wa uji, maji yakaingia uwanjani. Hayakuja kwa kishindo. Yalikuja kama mtu aliyemwaga beseni la kuoshea vyombo mlangoni, kisha akamwaga jingine, kisha akaendelea. Mpishi akapiga yowe. Mwenyekiti wa kitongoji akaleta mitumbwi miwili mikubwa, akaniambia, "Maalim, haraka, watoto kwanza."

Nikafanya nililoamini ni sahihi. Nikawapanga watoto mstari barazani, nikafungua daftari, nikaita majina. Kila anayeitika anabebwa anaingizwa mtumbwini. Sikutaka apotee hata mmoja. Wallahi hilo ndilo lililokuwa moyoni mwangu.

"Mwanahamisi Athumani."

Kimya.

Kimya hicho nilikizoea. Nilikuwa nimekifundisha mwenyewe. Binti mmoja aitwaye Zuhura, aliyekuwa akikaa naye mkeka mmoja, akanyoosha mkono.

"Maalim, Kibibi..."

"Nimesema nini kuhusu jina hilo?"

"Lakini Maalim, Kibibi ka..."

"Zuhura! Darasani kwangu hakuna Kibibi."

Akashusha mkono. Nikapiga alama ya hayupo, nikaendelea na jina lililofuata.

Tulifika ng'ambo salama, kwenye mwinuko karibu na barabara kuu, ambako watu wa Mahege na vijiji vya jirani walikuwa wameshaanza kutupokea. Nilihesabu walioitika, wote wapo. Nikasujudu kwenye nyasi zilizolowa, nikamshukuru Mungu kwamba hajanidhalilisha mbele ya wazazi. Vijana, nimesujudu sijda nyingi maishani mwangu. Ile ndiyo inayoniamsha.

Alasiri mtumbwi mwingine ukaleta watu waliokuwa mashambani. Hadija akashuka, nguo zimemganda mwilini, akaja moja kwa moja.

"Maalim, mwanangu yuko wapi?"

Nikafungua daftari. Naona aibu kuliandika hili, lakini ndivyo nilivyofanya: badala ya kutazama watoto, nikatazama karatasi.

"Mwanao leo hakuja, mama."

"Hakuja?" Akanitazama kama mtu aliyesikia lugha ya kigeni. "Nimemleta mimi. Nimekuamkia, ukaitika marahaba. Maalim, umeniitikia!"

Hapo ndipo Zuhura akaanza kulia. Alisema Kibibi alitoka nje maji yalipoingia. Alisema anakwenda kwao, maana maji yakija watu wanapanda dungu. Dungu ni kile kibanda cha miti mirefu katikati ya shamba, ambamo familia hukaa kuamia ndege na kulinda mpunga. Kwa mtoto wa bondeni huko ndiko juu, huko ndiko salama. Alifanya kama alivyofundishwa kwao.

Wanaume wakatoa mitumbwi. Wengi walitoka vijiji vya barabarani, hawakuijua familia ile, na Athumani alikuwa Dar es Salaam kwenye kibarua. Mmoja akauliza, "Anaitwa nani?" Hadija akafungua mdomo, ukabaki wazi. Nikamjibia mimi, kwa sauti, kama mtu mwenye jambo la kusaidia:

"Mwanahamisi. Mwiteni Mwanahamisi Athumani."

Hadija alinishika mkono. "Maalim, waambie..." Nikamwambia, "Mama, tulia, waache wanaume wafanye kazi." Wanawake wakamwondoa, wakamlaza kwenye kanga, na hakuna aliyemuuliza tena.

Walitafuta mpaka jua likakaribia kuzama, wakarudi. Kesho yake wakatafuta kutwa nzima. Madungu yalikuwa mengi, mengine yameinama, maji yanakwenda kwa nguvu na viboko wamesambaa humo, kwa hiyo hawakuweza kulipandia kila moja. Walikuwa wanalikaribia kiasi, wanaita, wanangoja, pasipo na jibu wanapita. Walirudi sauti zimewakauka. "Maalim, tumeita mpaka basi. Upande ule hayupo."

Asubuhi ya tatu Hadija akasimama. "Nipelekeni mimi."

"Dada, huko si pa mwanamke," mmoja akamwambia.

Bi Mwanaidi alikuwa amefika siku hiyo kutoka kwake, mzee tayari, fimbo mkononi. Hakuuliza mengi. Akamkamata yule kijana kwa ukosi wa shati. "Mpakie," akasema. "Na wewe Maalim panda, ukasikilize."

Tukaenda. Tulipofika kwenye madungu Hadija akashika ukingo wa mtumbwi kwa mikono miwili, akaita, kwa sauti ambayo kwao ilikuwa ya kila siku, sauti ya kumwita mtoto aje kula:

"Mavyaa! Mavyaa weee!"

Hakuna. Tukasogea. Akaita tena. Dungu la tatu au la nne, ikatoka sauti nyembamba, nikadhani ni ndege.

"Abee, mama."

Mpiga kasia aliyekuwa mbele akavua kofia. "Hapa tulipita jana," akasema. "Hapahapa. Tuliita, jamani, tuliita hapahapa."

Tulimkuta amelala juu ya miti chini ya gunia lililolowa, mwili unawaka moto, mdomoni maganda ya mpunga mbichi. Hakuwa kwenye dungu la kwao. Lilikuwa la watu wengine, karibu na njia. Tukampeleka kituo cha afya. Muuguzi akasikiliza kifua chake, akatutazama, akasema mapafu. Walifanya waliloweza, Mungu awalipe.

Adhuhuri ya siku hiyo alipata nafuu kidogo. Hadija alikuwa ametoka kwenda kuswali, nami nikakaa kwenye kiti chake. Mtoto akafumbua macho.

"Maalim."

"Naam, mama."

"Shule imelowa?"

"Imelowa kidogo. Itakauka." Kisha nikauliza. "Jana, ulipokuwa kule juu, ulisikia watu wakiita?"

"Niliwasikia. Wengi."

"Mbona hukuitika?"

Akanitazama kwa mshangao, kama vile nimeuliza jambo ambalo hata mtoto analijua. "Hawakuniita mimi. Walikuwa wanamtafuta Mwanahamisi. Yule asiyekujaga shule."

Akapumzika, akavuta pumzi mara mbili tatu, akauliza:

"Kaonekana?"

"Kaonekana," nikamwambia.

"Mama yake yupo?"

"Yupo. Alikwenda kumchukua mwenyewe."

"Haya," akasema, akafumba macho.

Alifariki siku ya pili, kabla ya adhana ya adhuhuri. Sisi ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea. Waliniomba niongoze swala ya jeneza. Nikawaambia atangulie mwingine.

Maji yalipopungua, mwalimu mkuu wa shule mama akaniita kuandaa taarifa. Alikuwa mtu mpole, na alinitakia mema. Akalifungua daftari langu, akapitisha kidole kwenye mstari, akainua uso.

"Maalim, huyu mtoto mbona hajahudhuria hata siku moja tangu Januari?"

Nikatazama kidole chake.

"Kwa daftari hili," akaendelea taratibu, "siku ya mafuriko hakuwa shuleni. Hakuwahi kuwa shuleni. Unanielewa? Taarifa itasema hatukupoteza mwanafunzi. Liache hivyo, Maalim. Daftari linakulinda. Umebakiwa na miaka michache ustaafu."

Nililichukua daftari nikaenda nalo nyumbani. Nilikaa nalo siku tatu. Niliswali, na kila nikisema "Astaghfirullah" moyoni, lilikuja swali la nani hasa nimemkosea, na kama nimeshakwenda kwake. Dini niliyoisoma tangu udogo ilinifundisha kwamba haki ya Mungu huombwa kwa Mungu, na haki ya mja huombwa kwa mja. Nililisomesha hilo mimi mwenyewe, kwa watoto wa watu, miaka.

Siku ya nne nikaenda kwa Hadija. Athumani alikuwa amesharudi, akanipisha kigoda akatoka, maana hakutaka kukaa nami, na sikumlaumu. Hadija alikuwa anapeta mchele. Akaniamkia kama siku zote. Nikaanza kueleza: kwamba Zuhura alinyoosha mkono, kwamba alitaka kuniambia mtoto ameondoka, kwamba nilimkatiza, mara mbili, kwa sababu ya jina. Kwamba hata walioita walikuwa wanaliita neno langu.

Alipeta mpaka ungo ukawa safi, akauweka chini.

"Nilijua, Maalim. Zuhura aliniambia siku ileile."

"Siku ileile? Na bado ukawa unaniamkia?"

"Nilikuwa nangoja uje."

Nikalia mbele yake, mzee mzima. Hakunibembeleza, wala hakunifukuza. Aliponiona nimenyamaza akauliza, "Hicho ni nini ulichokumbatia?" Nikamwambia ni daftari, nikamweleza mwalimu mkuu alivyosema, na kwamba kwa karatasi hii mwanawe hakuwahi kusoma hata siku moja.

"Alikuja," Hadija akasema. Sauti yake ilipanda kwa mara ya kwanza. "Kila siku alikuja. Nilimleta mimi! Andika kwamba alikuja."

Nikatoa kalamu. Pale kwenye mkeka wake, siku kwa siku, Januari hadi masika, nikakata kila alama ya hayupo nikaandika yupo, na pembeni nikatia sahihi yangu na maelezo kwamba kosa lilikuwa la mwalimu. Ilichukua muda. Yeye alikaa akisubiri. Nilipofika siku ya mafuriko nikaandika yupo, aliondoka bila mwalimu kujua, mwalimu aliambiwa hakusikiliza.

Nilipomaliza akasogea. Hadija hajui kusoma.

"Lipo wapi?"

Nikamwonyesha. Akaweka kidole juu ya jina asiloweza kulitamka, akakiacha hapo, hakukiondoa mpaka Athumani alipoingia.

Nilipeleka daftari lile kama lilivyo. Nilipewa onyo la maandishi, nikalistahili, na nikaendelea kufundisha mpaka muda wangu ulipotimia. Miaka yote iliyobaki wiki ya kwanza sikufungua daftari. Nilisimama mlangoni nikasikiliza. Nanyi mkipangiwa darasa hilo, simameni mlangoni. Na mtoto akinyoosha mkono akataja jina msilolipenda, mwacheni amalize sentensi yake.

Namwomba Mwenyezi Mungu, ajuaye waja wake wote hata wale wasioitwa na mtu, awape nyinyi mliosoma hadi hapa masikio mapole na mikono yenye huruma. Awalinde watoto walio mbele yenu, awape subira mama zao, na siku tutakapoitwa sote mbele yake, atujaalie tuwe miongoni mwa wanaoitika kwa furaha. Amin.